Nchi Isiyo na Chini

Kamba ilikatika.

Hapo ndipo tulipoachia wiki iliyopita, na najua wapo wasomaji ambao wameshawazika hawa mama wawili, wakanawa mikono na kwenda zao. Wafukueni haraka. Hawajafa, na wakiwakuta mnalia watawacheka.

Kwa aliyeingia leo, habari zenyewe ni hizi. Fundi mmoja wa lifti, mwanamke ambaye wenzake kazini humwita Spana, alipotelewa na mumewe ndani ya lifti ya jengo la zamani la ofisi. Mume ni msafisha vioo vya maghorofa, mtu wa mizaha, anaitwa Povu kwa sababu sabuni haimtoki viwikoni. Siku hiyo aliingia lifti chini na ndoo yake. Mlango ulipofunguka juu, kulikuwa na matone ya maji sakafuni, na mtu hakuna.

Polisi wakaandika, wakaondoka. Spana hakuondoka. Aliifungua ile lifti nati kwa nati mpaka akaigundua siri yake: ukibonyeza kitufe cha chini kabisa na cha juu kabisa kwa pamoja, lifti haisimami kwenye paa. Inaendelea.

Akabeba mfuko wa vyombo vyake ili amfuate mumewe. Na hapo ndipo alipoingia mama mkwe.

Mama mkwe wake alikuwa mtangazaji wa treni mpaka alipostaafu, na watu wa mtaani humwita Mama Stesheni. Hawakuwa wanapatana, yeye na mkamwana wake. Kwa miaka yote ya ndoa ile hakuwahi kula kwa Spana bila kuomba chumvi. Lakini aliposikia mpango, alikuja na mkoba kwapani na chupa ya chai mkononi, akajipenyeza mlango ukiwa unafunga.

"Mume ni wako," alisema, "lakini aliyemzaa ni mimi."

Lifti ikapita dari, ikapita paa, ikatokeza kwenye anga nyingine, ya rangi ya ganda la chungwa. Ikapanda, ikapanda, na huko juu kamba ikakatika.

Wakaanguka.

Walipiga kelele mpaka pumzi zikawaishia. Wakavuta pumzi mpya, wakapiga tena. Walipokuwa wanajiandaa kwa mara nyingine, Mama Stesheni akanyamaza, akakunja uso kama mtu anayesubiri treni iliyochelewa.

"Kwani hatufiki?" aliuliza.

"Tufike wapi, mama?"

"Chini."

Spana akaingiza bisibisi katikati ya milango, akaipanua kwa nguvu, akachungulia. Hakuona ardhi. Aliona anga, na chini ya ile anga aliona anga nyingine. Nyumba zilining'inia kwenye kamba ndefu zilizoshuka kutoka juu, nyumba za madirisha na vibaraza, na zilipita mbele ya macho yake kuelekea juu kana kwamba zimechelewa mahali. Mwanamke mmoja alikuwa kwenye kibaraza anaanika nguo. Akawapungia mkono, akapotea.

Chini hapakuwepo. Hiyo nchi haikuwa nayo.

Alipogeuka kumweleza mama mkwe, alimkuta ameondoka sakafuni. Mama Stesheni alikuwa anaelea katikati ya lifti, gauni limefura kama mwavuli, na pembeni yake zilielea spana, koleo, mkoba, na madonge ya chai yaliyotoka chupani na kugoma kumwagika. Uso wake ulikuwa wa mshangao. Akakunja mguu wa kulia, akaunyoosha. Akaukunja tena.

"Goti," alisema taratibu. "Goti haliumi."

Na mama yule ambaye kwa miaka mingi alipanda ngazi kwa kuhesabu maumivu, akajisukuma ukutani kwa kidole, akapinduka kichwa chini miguu juu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, nayo machozi yakaelea. Spana akamtazama, akakumbuka kwamba wanaanguka, akataka kumkanya. Badala yake kicheko kikampanda na yeye. Wakameza donge moja moja la chai kama samaki, huku dunia isiyo na mwisho ikiwapita.

Mlango ukagongwa.

Mlango wa lifti inayoanguka, msomaji wangu, uligongwa, na kwa adabu.

Nje alikuwepo mwanamume aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi, naye anaanguka sambamba nao. Kioo chake kilifungwa kwenye mkono wa kiti, mikasi ilining'inia kwa uzi, na shuka jeupe lilipepea nyuma yake. Alikuwa amegonga kwa kitana. Aliwasalimu, akauliza kama kuna anayehitaji kupunguzwa nywele, kisha akakitazama kichwa cha Mama Stesheni kwa jicho la kitaalamu na kusema kwamba pale hapana shida, labda pembeni kidogo.

Walimvuta ndani kwa mguu. Kinyozi yule aliwaeleza kwamba amekuwa akianguka tangu ujana wake, wala hajaona ubaya. Wateja wanaanguka, yeye anaanguka, wanakutana njiani. Wengine wanaanguka taratibu, wengine haraka, na wenye nyumba za kamba huwarushia chakula wapitao. Shida ni moja tu. Ukishakipita kitu, umekipita. Hakuna njia ya kurudi juu.

Spana akamwuliza kama amemwona mtu mwenye ndoo.

Kinyozi alikumbuka papo hapo. Wateja wamemsimulia kuna mtu mwenye ndoo, alisema, anayeimba vibaya sana. Amenaswa na Bibi wa Nyavu, yule mwenye jumba kubwa la vioo, ambaye hutega nyavu zake chini ya madirisha na kudaka wanaoanguka. Wengi huwapa maji na kuwaachia waendelee na safari zao. Huyu amempenda. Anamwoa leo.

"Anamwoa nani?" aliuliza Mama Stesheni, japo alikuwa amesikia.

Ndoa ya kule, akaendelea kinyozi bila kujua anazungumza na nani, ni ya kamba. Unafungwa kiunoni, na jua la pili likichomoza fundo linajikaza lenyewe. Likishakaza, aliyefungwa anasahau alikotoka, anasahau waliomzaa na waliomlea, anabaki na furaha tu. Harusi nzuri sana. Yeye mwenyewe asubuhi ile amewanyoa wageni waalikwa walipokuwa wanapita. Jumba lenyewe ni lile pale chini, linalong'aa.

Wakachungulia. Kweli, chini yao jumba la vioo lilikuwa linakuja, dogo kama kiberiti, kisha kama sanduku, kisha kama duka. Lilikuwa upande wa kushoto, mbali. Kwa mwendo ule wangelipita bila hata kuligusa, na wakishalipita, Povu angebaki mume wa mtu milele na wao wangebaki kuanguka.

Spana hakuwa na reli ya kubana breki, hakuwa na kamba, hakuwa na injini. Alipanua mlango wa upande mmoja ili upepo uisukume lifti. Lifti ikazunguka tu kama pia. Kinyozi akatandaza shuka lake nje kama tanga, shuka likachanika. Jumba sasa lilikuwa kubwa kama soko.

Basi mama mkwe akaona wale wadudu.

Walikuwa mbawakawa, lakini kila mmoja mkubwa kama lori, weusi, wanang'aa kama viatu vya harusi, wametawanyika angani wanakula mawingu kwa raha zao. Aliuliza kama wanafugika. Kinyozi akasema wanafuata sauti, ila hakuna mwenye sauti ya kutosha. Upepo wa pale humeza kelele za kila mtu.

Mama Stesheni akajishika kwenye fremu ya mlango. Akakohoa kidogo, akaweka kiganja mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu, akaitoa ile sauti.

"Tahadhari, tahadhari. Wenye mabawa wote walioko upande wa kushoto, sogeeni kwenye lifti. Narudia. Wenye mabawa wote walioko upande wa kushoto."

Hakupiga kelele. Alitangaza. Sauti ilitoka tambarare, nzito, isiyo na haraka, ile iliyowahi kuwaamsha abiria waliolala kwenye mabenchi na kuwafanya wakimbie kabla hawajajua wanakimbilia wapi. Mbawakawa waliacha kutafuna. Vichwa vikageuka. Mkubwa wao akakunjua mabawa, akapiga mbizi, na makucha yake yakaikamata lifti kwa juu.

Uzito ukarudi kwa mkupuo. Vyombo vikaanguka, chai ikammwagikia kinyozi, Spana akaanguka sakafuni na mama mkwe akamwangukia yeye. Akiwa pale pale juu ya mkamwana wake, Mama Stesheni akaguna. Goti lilikuwa limerudi.

Lakini hapakuwa na nafasi ya kulibembeleza. Akajiinua, akamwelekeza yule mdudu kushoto, kisha kushoto zaidi. Mdudu akaona wingu nono upande wa kulia, akataka kukengeuka. Mama Stesheni akamkaripia kama alivyokuwa akiwakaripia madereva wa treni, kwa cheo na kwa namba ya jukwaa, na mdudu akarudi njiani ameinamisha pembe. Kitu pekee ambacho mama alisahau kumwambia ni kupunguza mwendo.

Waliingia jumbani kupitia dirishani. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Vioo viliruka kila upande. Lifti ikateleza kwenye sakafu iliyosuguliwa, ikapita katikati ya meza zilizopambwa, ikagonga ukuta, ikasimama. Vumbi lilipotulia, mwanamume mmoja alikuwa amesimama karibu na lile tundu, kitambaa begani, kifutio mkononi, anatazama vipande.

"Jamani," alisema kwa uchungu, "hicho kioo nimekimaliza sasa hivi."

Alikuwa Povu.

Spana alitoka ndani ya lifti akiwa na chai kifuani na vumbi kwenye nyusi. Kwa siku zote za kumtafuta alikuwa amepanga atasema nini. Alikuwa amelala na shati lake. Alikuwa ameshawaambia watu wa kazini waache kumuuliza. Povu akamwona, uso ukamchangamka, akatazama jua, akamwomba radhi. Akauliza kama amechelewa sana chakula cha mchana.

Kwake yeye ilikuwa bado ni asubuhi ile ile. Aliingia lifti, akatokea nje, akaanguka kidogo, akadakwa, akaonyeshwa madirisha machafu. Aliona bora ayasafishe wakati anasubiri kurudishwa.

Spana akampiga ngumi begani. Kisha akamkumbatia akakataa kumwachia, akalia kwenye shingo yake iliyonuka sabuni. Povu, asiyejua kosa lake, akampapasa mgongo na kumwambia kwamba kama ni chakula kilipoa, hakina neno, atakula hivyo hivyo. Mama Stesheni alisimama pembeni akisubiri zamu yake. Ilipochelewa kufika, akaikatiza, akamshika mwanawe mashavu, akamkagua kama amekonda.

Ndipo Spana alipoiona kamba.

Ilikuwa nyembamba, ya rangi ya fedha, imefungwa kiunoni mwa mumewe. Akauliza ni ya nini. Povu akaipigapiga kwa kuridhika, akaeleza kuwa ni mkanda wa usalama. Msimamizi wa pale ni mama mwangalifu sana. Alimwuliza kwa heshima kama anaridhia kufungwa, naye akamjibu kwamba anaridhia kwa moyo wote, maana ni mjinga gani anafanya kazi juu hivi bila kufungwa?

Kamba ilipita sakafuni, ikapita mlangoni, ikaenda. Na kwa mlango huo huo akaingia aliyefungwa upande wa pili.

Bibi wa Nyavu alikuwa mrefu kiasi kwamba aliinama mlangoni, nywele zake zimehifadhiwa ndani ya wavu wa lulu. Hakukasirikia dirisha. Aliwakaribisha kwa sauti laini, akasikitika kwamba hawakupata mwaliko, akawaonyesha viti. Alisema bwana harusi hana ndugu pale, kwa hiyo imekuwa bahati.

"Bwana harusi yupi?" aliuliza Povu, akigeuka kumtafuta.

Alipoelewa, alikaa chini juu ya ndoo yake.

Spana hakukaa. Alichukua msumeno wa chuma, akaikata ile kamba mpaka meno ya msumeno yakaisha. Akatumia koleo, koleo likapinda. Bibi alisubiri kwa subira ya mtu anayemwacha mgeni amalize kunawa. Kisha akaeleza, na hakueleza kwa ubaya. Kamba ya kule haikatwi. Inaachia yenyewe pale mtu anapotajwa ana mwenyewe. Lakini mwenyewe ni mmoja. Akitajwa mmoja, kamba inafunguka. Wakitajwa wawili, ina maana hana kwao, na asiye na kwao ni wa aliyemdaka.

"Sasa niambieni," alisema. "Huyu ni wa nani?"

"Wangu," alisema Spana.

"Wangu," alisema Mama Stesheni.

Walisema kwa pamoja, kama watu waliofanya mazoezi. Kamba ikakaza. Povu akatoa sauti ya mtu aliyebanwa na mlango. Na ukingoni mwa anga, nyuma ya lile dirisha lililovunjika, ukatokea ukucha wa jua la pili, jekundu.

Povu akainua uso. Akamtazama mkewe kwa heshima, kama unavyomtazama mgeni wa jirani, akamwuliza kama amekuja kwa ajili ya vioo.

Povu akamgeukia mama yake. Yeye bado alimjua, akamwita mama, akamwomba maji.

Hebu mwone Mama Stesheni hapo. Mwanawe huyo alimlea peke yake, kwenye chumba cha juu ya jukwaa ambamo vikombe vilitetemeka kila treni ilipopita. Siku alipooa, mama alirudi chumbani akaweka sahani mbili mezani kwa mazoea, akaziangalia mpaka chakula kikapoa. Tangu siku hiyo alikuwa anataka kitu kimoja, na sasa alikuwa amekipata bila kukiomba. Mwanawe alimkumbuka yeye, na mke hakumkumbuka kabisa.

Spana akaona hivyo pia. Alifuta uso kwa mkono wenye grisi. Alifikiria, afadhali awe hai, awe na kwao, hata kama kwao si kwangu.

"Ni wa mama," alisema.

"Ni wa mke wake," alisema Mama Stesheni.

Kwa pamoja tena.

Wametajwa wawili. Kamba ikakaza mara nyingine, na safari hii Povu hakutoa sauti yoyote. Akaanza kutabasamu, tabasamu pana lisilo na mtu ndani yake. Jua la pili lilikuwa limetokeza nusu. Kinyozi, aliyekuwa amejibanza kwenye lifti akikamua chai kwenye shati, akafumba macho.

Wale wawili wakatazamana. Spana akafungua mdomo aseme tena, na mama mkwe naye akafungua wake, na ingekuwa balaa la tatu. Lakini mama akainua kiganja kumzuia. Akamkazia mkamwana wake macho kwa muda, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza bila kutafuta kasoro. Huyu binti alikuwa tayari kumwachia. Yeye mwenyewe, kwa miaka yote, hakuwahi kumwachia hata mfupa wa kuku.

Akakohoa. Akaweka kiganja mdomoni.

"Tangazo kwa wote," alisema, na jumba zima likatetemeka vioo. "Abiria mmoja, Povu, amefika mwisho wa safari na anachukuliwa na mkewe. Mama yake amekuja kumsindikiza tu."

Kidogo tu sauti iliyumba kwenye lile neno la mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yake.

Kamba ikaanguka sakafuni, laini kama utepe.

Povu akapepesa macho. Akamtazama Spana, akatazama grisi iliyomjaa usoni, akalowesha kitambaa chake kwenye ndoo na kuanza kumfuta, taratibu, kuanzia paji la uso, kama anavyofuta vioo. Mama Stesheni akageukia dirishani, akalilaumu jua kwa kumwumiza macho. Mkamwana wake akamfuata, akasimama naye bega kwa bega, akampa mkono aegemee, kwa ajili ya lile goti. Na mama akauegemea.

Bibi wa Nyavu alikuwa anaikunja kamba yake kuanzia kiganjani hadi kiwikoni. Alikuwa na huzuni, lakini ya mtu mwenye adabu. Macho yake yakazunguka ukumbini, kwenye meza zilizopambwa, kwenye chakula cha wageni, yakatua kwa kinyozi, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amesimama kwenye sakafu na alikuwa anayumba kama ndama.

"Na huyu," aliuliza Bibi, "ana mwenyewe?"

Kinyozi akalaza nywele zake kwa kitana kilicholowa chai. Alijibu kwamba katika kuanguka kwake kote, swali hilo hajawahi kuulizwa, na kama hapana haraka, angependa kukaa kidogo alifikirie. Bibi akamsogezea kiti. Mama Stesheni, aliyesahau kwamba alikuwa analia, akamnong'oneza Spana kwamba harusi itakuwepo, na wao hawana zawadi.

Walikaribishwa chakula, wakala. Walicheka. Povu alisimuliwa yote tangu mwanzo na hakuamini hata nusu yake, hasa ile ya mama yake kuruka kichwa chini miguu juu. Alikuwa anamwomba aionyeshe tena papo hapo, ndipo jumba liliposhuka.

Lilishuka ghafla na kwa kina kifupi, kama mguu unapokosa ngazi. Vikombe viliruka mezani. Kisha likasimama.

Bibi wa Nyavu alikuwa ameshika ukingo wa meza, na uso wake haukuwa na rangi. Alisema jumba hilo lilikuwa la mama yake na la mama ya mama yake, na halijawahi kusogea hata kidogo.

Likashuka tena.

Spana alishaenda kwenye tundu la dirisha. Alitazama juu, kwenye kamba kuu iliyolibeba jumba, nene kama mtungi, iliyopotelea mawinguni. Akasema haijakatika nyuzi. Inateleza. Kuna mahali huko juu ilikofungwa, na hapo mahali panalegea. Na njia ya kurudi kwao, akaongeza, vilevile iko juu. Hakungoja kuulizwa anaenda lini.

Wakaisukuma lifti mpaka kwenye tundu la dirisha, pale kamba kuu ilipopita. Spana akaibananisha nayo kwa breki zake za dharura, akazifunga kwa minyororo na kwa mshipi wa mkoba wa mama mkwe. Povu akaingia na ndoo. Mama Stesheni akamwita mbawakawa wake, na mdudu akaja kwa utii akaweka kichwa chini ya lifti. Bibi na kinyozi walisimama dirishani wakipunga mikono, naye kinyozi tayari alikuwa ameanza kumshauri Bibi kuhusu ule wavu wa nywele.

Mdudu akasukuma. Wakapanda.

Jamani, walipanda. Nyumba za kamba ziliteremka mbele yao moja baada ya nyingine, watoto wakishangilia vibarazani, anga ikibadilika kutoka rangi ya chungwa kuwa ya waridi, kutoka ya waridi kuwa nyeupe. Povu aliimba, vibaya kama kawaida, na safari hii mkewe hakumkataza. Mama Stesheni alitoa chakula alichokifunga harusini, akamgawia mkamwana wake kwanza. Spana akaonja, akasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba anaona chumvi imepungua. Kisha mama mkwe akacheka hata akashika ukuta.

Wakaingia kwenye wingu la mwisho. Likawa jeupe kila upande, jeupe na baridi, na mdudu mwenyewe akapunguza mwendo. Kamba mbele yao ilikuwa inatetemeka, tetemeko dogo dogo lisiloisha. Spana akaishika kwa kiganja. Ilikuwa na joto.

Wingu likafunguka.

Spana alikuwa ameinua tochi, tayari kuangalia boriti, au ndoano, au fundo. Mkono ukabaki hewani. Povu akaacha kuimba katikati ya neno.

Kamba haikufungwa popote. Ilikuwa imeshikwa.

Vidole vilikuwa vikubwa kuliko jengo lolote walilowahi kulipanda, vimekunjana kuizunguka, ukucha mmoja mpana kama uwanja wa mpira. Kando ya kamba yao zilipita kamba nyingine, na nyingine, kamba za nyumba zote za nchi ile, zote ndani ya ngumi moja. Jasho lilichuruzika kati ya vidole kama mito. Na mbele ya macho yao, kidole cha mwisho kikatetemeka, kikanyooka, kikaachia.

Kutoka juu kabisa, juu ya kifundo cha mkono, juu ya mawingu ambayo hawakuwa wameyaona bado, ikaja sauti. Haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ya mtu aliyechoka sana na anaona aibu kusema.

"Samahani," ilisema. "Kuna mtu hapo wa kunipokea kamba hizi?"